Kimbia Ukibakisha Pumzi ya Salamu

Mwanangu, asubuhi nyingi za likizo nimezisahau, lakini ile ambayo Cucu wa Muthoni, jirani yetu, alidhani nyanya yangu amefariki naikumbuka hadi leo pamoja na harufu yake: matope mapya, moshi wa kuni mbichi, na maziwa yaliyonimwagikia mkononi. Kaa nikusimulie.

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu unaujua ulivyo mzito. Hapa shuleni kila msichana wa kidato cha kwanza hupewa mama, yaani msichana wa kidato cha juu wa kumwonyesha kitanda, kamba ya kuanika nguo na mwalimu wa kuogopa. Wewe ulipewa mimi. Watu wa nje wakikusikia ukiniita mama hucheka, maana nimekuzidi miaka michache tu, na siku nyingine hata mimi hugeuka kuangalia ni mama gani anayeitwa. Lakini jina ukishapewa lina kazi yake. Jumamosi, baada ya mbio za nyika, nilikukuta nyuma ya bafu umejifunika sweta kichwani. Ulisema umekuwa wa mwisho, shule nzima imekuona, na mama yako mzazi akija siku ya kutembelewa utamwomba akuhamishe. Nilikaa kando yako, nikakupa kitambaa. Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa refu tu.

Basi ndilo hili.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, mimi pia nilikuwa wa mwisho. Na sikuwa wa mwisho wa kawaida, mwanangu. Nilikuwa wa mwisho wa kusubiriwa. Wenzangu walikuwa wameshaoga, wengine wameshika sahani za chakula, mwalimu wa michezo amesimama langoni, na mimi ndio kwanza natokea kwenye kona ya shamba la kahawa nimeshika mbavu. Wakaanza kunipigia makofi. Makofi hayo wewe sasa unayajua. Ni heri mtu akuzomee. Siku hiyo nikapewa jina la mdudu anayetembea na nyumba yake mgongoni, na jina hilo likalala nami, likaamka nami, mpaka tulipofunga shule.

Likizo ya Aprili ilipofika nikamwambia mama anitafutie shule ya kutwa. Mama ana kiduka Kiganjo, na mtu wa duka hana muda wa machozi yasiyo na maelezo. Alikuwa akipima sukari. Hakuinua macho.

"Wangeci," akasema, "shule si kiatu ati ikikufinya unarudisha. Enda kwa nyanya yako, umsaidie na ng'ombe. Mkifungua, kimbia hiyo resi ya muhula wa pili. Ukirudi kuniambia hivi tena, nitakuhamisha. Neno langu ni hilo."

Kwa hiyo nilipanda kilima kwenda kwa nyanya nikiwa na kazi moja moyoni. Nikimaliza mbio zile bila kuchekwa, nabaki. Nikichekwa tena, naondoka, na marafiki wawili watatu niliowapata kwa shida, na darasa ambalo ndio kwanza nilikuwa nimeanza kulipenda, vyote naviacha.

Shida ni kwamba sikujua mtu huanzaje kukimbia. Ningemuuliza nani? Walimu wangu wa kwanza wakawa makurutu wa chuo cha polisi, bila wao kujua. Walikuwa wakipita barabara ya chini asubuhi wakiimba, viatu vyote vinaanguka pamoja, ardhi yenyewe unahisi inaitikia. Mimi juu kwenye majani ya ng'ombe nawatazama. Nikadhani kukimbia ndiko huko. Ukianza unaanza kwa kasi, na ukisimama ni kwa sababu umeshindwa.

Nikawa natoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba, nimevaa koti kubwa la marehemu babu lenye kofia. Natoka langoni kama swara, na kabla sijaufikia mkaratusi wa kwanza kule barabarani nimegeuka gunia. Nainama, naona nyota, karibu nitapike uji wa jana. Kisha narudi nikitembea, nikijilaumu. Kesho yake vivyo hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha kila kitu: miguu, pumzi, hata nia. Nyanya mwenyewe alidhani naenda kuangalia kama mvua imebomoa mtaro.

Sasa nikueleze kilichokuwa kikinitoa kitandani mapema hivyo. Chini ya kilima kuna kituo cha maziwa, jukwaa la mbao kando ya barabara. Kila asubuhi watu wa upande ule wote husimama hapo na mikebe yao wakingoja lori. Na kwetu salamu si neno moja unalotupa ukienda. Ni mkono. Ni umelalaje, nyanya ameamkaje, ng'ombe alizaa dume au jike, shule mnafungua lini, mbona umekonda. Kisha mkono unaachiliwa, unashikwa na wa pili. Kwa msichana mwenye haya kama mimi, kile kituo kilikuwa kama kuitwa ubaoni, ukimaliza hesabu hii unapewa nyingine. Ndiyo maana nilihakikisha napita kabla ya mtu yeyote.

Ila siku ile mvua ilikesha ikinyesha juu ya mabati, usingizi ukanoga, nikachelewa. Nilipokata kona, kituo kilikuwa kimejaa.

Ningerudi. Kweli, ningeweza kurudi. Lakini walikuwa wameshaniona, na kurudi kungekuwa mjadala wa wiki nzima. Nikavuta kofia mpaka machoni, nikaangalia chini, nikaongeza kasi.

"Ni nani huyo?"

"Si ni msichana wa pale juu, ule wa kwa Mama Njoki?" Njoki ni jina la mama yangu, na Mama Njoki ndiye nyanya.

"Anakimbizwa na nini?"

"Labda ng'ombe imekata kamba."

"Ng'ombe gani! Mtu akitafuta ng'ombe huangalia kando. Huyu anaangalia chini."

Kisha nikasikia sauti ninayoijua, ya Cucu wa Muthoni. Cucu ndivyo tunavyoita nyanya kwetu, na Muthoni ni mjukuu wake mkubwa. Yeye na nyanya yangu waliolewa kwenye kilima kile msimu mmoja, wakachanja kuni pamoja, wakalea pamoja, wakagombana pamoja. Akaita, "Wangeci! Kwenu ni kwema?"

Nilisikia vizuri kabisa. Lakini pumzi haikuwepo, na ujasiri ndio haukuwepo zaidi. Nikainua mkono kama mtu anayefukuza nzi, nikapita.

Mwanangu, fikiria walichokiona wale watu. Kwetu mtu hakimbii asubuhi hivi hivi. Mtoto akipita mbio alfajiri, amejifunika kichwa, anaulizwa kwao ni kwema na haitiki, hiyo si mbio tena. Hiyo ni habari. Cucu wa Muthoni akaacha mkebe wake juu ya jukwaa, akashika kile kilima na matope yake yote.

Mimi sikujua. Nilirudi kwa njia ya nyuma, katikati ya mibuni, nikijipongeza kwamba nimepona. Nilipofika uani nikamkuta Cucu wa Muthoni ameketi kwenye kigoda, matope hadi magotini, kiatu kimoja hakipo, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani. Nyanya yangu amesimama mbele yake na kikombe, anacheka mpaka anashika ukuta.

"Nimekufa saa ngapi?" nyanya anauliza. "Na huu uji ni nani alikuwa anapika?"

"Usinichekeshe, wewe. Nimekulilia kutoka pale chini kwa kituo."

"Na ulinililia vizuri, ama ulilia tu ya kupita?"

"Nililia vizuri! Hata ile sufuria yangu nikakusamehe."

"Basi hiyo sirudishi tena. Umesema mwenyewe."

Wakacheka pamoja, Cucu wa Muthoni akijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Hapo ndipo waliponiona, na kicheko kikakatika. Na kule chini tukasikia lori la maziwa likipiga honi, likisubiri, likiondoka.

"Kuja hapa," Cucu wa Muthoni akasema. "Toa hiyo kofia, nikuone macho. Ulinisikia nikikuita?"

"Nilisikia, cucu."

"Na mbona hukuitika?"

"Sikuwa na pumzi."

"Sasa hiyo ni mbio gani inamaliza hata pumzi ya salamu? Mimi najua mbio mbili tu za kupita watu bila kuwasalimia. Ya mwizi na ya mtu wa matanga. Wewe ulikuwa unakimbia gani?"

Nikalia. Nikasema yote, kuanzia makofi na lile jina mpaka sharti la mama na makurutu. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu wazima. Nyanya aliinua kiatu kilichobaki akaanza kukikwangua matope. Cucu wa Muthoni alisikiliza hadi mwisho, akafunga kitambaa chake upya, taratibu, kama mtu anayejipa muda wa kutokuwa na hasira.

"Mambo ya resi mimi sijui," akasema. "Sijawahi kimbia, labda nikifukuza mbuzi. Kitu najua ni barabara. Barabara ni ya watu. Ukipita, salimia. Salamu ikikataa kutoka, punguza mwendo mpaka itoke. Ikikataa bado, tembea. Kutembea si dhambi. Lakini usipite watu ukiwa umejifunika kama umebeba maiti. Na usijifiche. Kesho hutapita kabla yetu. Utapita tukiwa hapo, utuite kila mtu na jina lake, na usisimame. Mimi nitakuwa nasikiliza."

Tuliteremka pamoja kutafuta kiatu. Mkebe wake nikaubeba mimi kuurudisha kwake, na ndiyo maziwa niliyokuambia yalinimwagikia mkononi. Maziwa hayo aliyokosa kuyauza hakuyataja, siku ile wala nyingine, na hilo liliniuma kuliko kama angeyataja.

Usiku huo sikulala vizuri kwa hofu, lakini asubuhi nilikwenda. Nikaacha koti. Nikakimbia polepole kiasi kwamba kuku wa jirani, aliyekuwa akielekea upande uleule kwa shughuli zake, alinipita.

"Wangeci, hiyo ni mbio ama unapima shamba?" Baba Kamau akaita kutoka jukwaani. Huyo hakosi la kusema.

"Umeamkaje, Baba Kamau." Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

"Hata kuku imekupita!"

"Kuku haisalimii watu," Cucu wa Muthoni akamjibu kabla sijajua la kujibu. "Endelea, Wangeci. Bado hujamwita Mama Shiro."

Nikamwita Mama Shiro. Nikamwita mzee wa kanisa na yule kijana wa bodaboda. Nikawaita wote, na nilipowamaliza nikagundua jambo la ajabu: nilikuwa nimeshaupita mkaratusi wa kwanza, na bado nakimbia. Sikuona nyota. Uji ulikuwa mahali pake.

Bandu bandu huisha gogo. Kulikuwa na asubuhi za mvua ambapo niliteleza mbele yao wote, wakacheka, nami nikacheka nikiwa chini, kwa kuwa ukishamwita mtu kwa jina lake kicheko chake hakichomi sana. Kulikuwa na siku nilizotembea nusu ya njia. Lakini nilifika darajani, kisha nikavuka daraja, kisha siku moja ukungu ulipofunguka nikauona mlima wote, theluji yake kidogo pale juu, na nikakumbuka kwamba nilikuwa nikikimbia bila kufikiria kukimbia. Sauti nayo ilinenepa. Sijui hata leo ni kipi kilianza, pumzi au sauti. Nadhani vilikuwa vimefungwa kamba moja.

Muhula wa pili ukaja, na mbio zikaja. Wasichana walitoka langoni kama maji yaliyofunguliwa, nami nikaachwa nyuma mara moja. Nikasikia jina langu la mdudu likiitwa. Moyo uliniambia, ongeza, watakucheka. Nikakumbuka ile sauti: salamu ikikataa kutoka, punguza. Kando ya njia kulikuwa na mama anapalilia viazi. Nikajaribu. "Habari ya kazi, mama!" Ikatoka nzima. Basi nikajua mwendo wangu ni ule.

Kwenye kilima cha kahawa nikaanza kuwakuta. Waliotoka kwa kasi ya makurutu walikuwa wameinama, mikono magotini. Mazoea yana nguvu, mwanangu. Sikuweza kuwapita kimya. "Pole, Akinyi. Jikaze, Wambui."

"Wewe!" Wambui akaniambia, anahema. Yeye ndiye aliyenipa lile jina. "Kwani unasalimia watu na tuko kwa resi?"

"Nimezoea."

"Na pumzi unatoa wapi?"

"Twende polepole, nitakuonyesha."

Tukaingia langoni pamoja, mimi na Wambui, katikati ya kundi. Wengi walikuwa wametutangulia. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hakuna aliyekuwa akitusubiri, na sijawahi kufurahia kutosubiriwa kama siku hiyo. Mama alipokuja kunitembelea aliniletea chapati, akaniangalia, akangoja. Mwishowe akauliza, "Nikuhamishe?" Nikamwuliza kama amekuja na chumvi ya kutilia maharagwe ya shule mpaka tufunge. Akacheka, akajua.

Tangu hapo, kila likizo, Cucu wa Muthoni akiniona natokea konani alikuwa akiita kabla ya mtu mwingine yeyote, "Kwenu hakujafa mtu?" Nami najibu nikipita, "Hakujafa mtu, cucu!" Naye, "Basi kimbia!" Kituo kizima kinacheka, kila siku, kana kwamba ni mpya.

Desemba iliyopita nyanya yangu alilala na hakuamka. Shuleni tulimwombea sala, unakumbuka, ulikuwepo. Hapana, nachanganya, hukuwa umefika bado. Huzuni huvuruga tarehe. Mama alikuwa ndani amemshika mkono na hawezi kuuachilia, na mtu alipaswa kwenda kuwaambia wa kituoni. Nikasema nitaenda mimi.

Siku hiyo sikukimbia. Nilitembea.

Nilipokata kona Cucu wa Muthoni aliinua kichwa aniite, kama kawaida, na mdomo wake ukafunguka. Kisha akaiona miguu yangu. Hakuuliza. Aliweka mkebe wake chini, polepole, akashika ubao wa jukwaa. Nikamfikia, nikamshika mkono, kisha mkono wa Baba Kamau, wa Mama Shiro, wote, kila mmoja kwa jina lake. Kisha mimi, Wangeci ambaye hakuweza kusema habari ya asubuhi, nikasimama mbele ya watu wazima nikasema, "Nyanya ametuacha usiku. Mama anaomba mje." Sauti haikukatika. Ilikatika baadaye, kwenye bega la Cucu wa Muthoni, lakini maneno yalikuwa yameshafika.

Tulipomaliza mazishi nilikaa siku kadhaa nikipita pale nikitembea, kwa sababu nilidhani kukimbia ni kukosa heshima. Cucu wa Muthoni akanivumilia, kisha akanivuta kando.

"Kesho ukimbie," akasema. "Watu wakiendelea kukuona unatembea, watafikiria safari hii ni mimi."

Nikakimbia. Alipouliza kama kwetu hakujafa mtu, sauti yake ilipasuka kidogo, lakini aliuliza. Na mimi nikajibu.

Hayo ndiyo niliyoshindwa kukuambia nyuma ya bafu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kuwa wa mwisho si sababu ya kuhama. Anza kwa mwendo wako, hata kuku akikupita. Kipimo cha mwendo ni salamu: kama huwezi kumsalimia mtu, umezidisha, punguza, na ukihitaji kutembea, tembea bila kuomba msamaha. Usikimbie kwa kujificha, kwa maana anayejificha hubeba hofu yake juu ya miguu yake, na hofu ni nzito kuliko koti la babu. Pita palipo na watu. Waite kwa majina. Utadhani unawapa wao pumzi yako, kumbe ndio wanaokurudishia.

Kesho asubuhi nitakungoja kando ya bomba la maji. Tutazunguka uwanja, mimi na wewe, na tutawasalimia wapishi, bawabu, na wale wasichana waliokupigia makofi. Wao tutawaita kwa sauti zaidi.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyeufanya mlima akufanyie na wewe kifua cha kupanda. Matope yakuangushe mahali laini, na wanaocheka wawe watu unaowajua majina. Usikose mtu wa kukuuliza habari njiani, na kila utakapopita, watu wakutazame miguu tu na wajue kwamba kwenu ni kwema.